Viatu Namba Arobaini na Moja

Ukitaka kujua klabu ipi ya gofu ina hadhi kuliko nyingine, usiwaulize wanachama. Kila mmoja atavutia kwake. Muulize anayewasafishia viatu. Huyo ndiye mimi. Wananiita Brashi, mwaka wa kumi na sita huu, na jina alilonipa mama limebaki kwenye kitambulisho, linapumzika.

Mji wetu una klabu mbili. Moja iko juu kilimani, nyingine iko chini, karibu na barabara ya viwandani. Kote kuwili nimefanya kazi, kwa hiyo nina haki ya kuropoka.

Ya chini ina kibao kikubwa getini, rangi imebanduka, na pembeni pamechorwa tangazo la duka la matairi. Ya juu haina kibao. Kama hujui ilipo, basi hukutakiwa kujua. Kule chini mtu akitumbukiza mpira shimoni watu wanapiga kelele mpaka ndege wanahama. Juu wanagonga vidole viwili kwenye kiganja, mara tatu, inatosha. Chini, mwanachama ni yeyote anayelipa ada na asiyepigana. Juu kuna orodha ya kusubiri, na namjua mmoja aliyeandikishwa na baba yake kabla hajaota meno, akaja kupokelewa meno yameshaanza kumtoka. Chini, mwanachama na kedi wake, yaani yule anayembebea mkoba wa fimbo, wanakaa baraza moja, wanakunywa chai kwenye vikombe visivyofanana, wanabishana nani kaharibu shimo la saba. Juu, sisi wafanyakazi tunaingia kwa mlango wa jikoni, hatusalimii mpaka tusalimiwe, na kwenye zulia la ukumbini tunapita tukifuata ukuta. Ukimwona mtu anakatiza katikati ya zulia, ujue ama ni mwanachama, ama ni siku yake ya mwisho kazini.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naipenda hiyo ya juu. Niliupenda ule ukimya. Niliipenda harufu ya mbao na nta ya sakafu. Nilipenda mtu akiniuliza njiani nafanya kazi wapi, nikataja, naye akanyamaza kidogo kabla ya kusema, "Ahaa." Ile "ahaa" ilikuwa inanishibisha kuliko mshahara.

Aliyeniingiza kwenye mambo ya gofu ni kaka yangu, tumbo moja, kanizidi miaka sita. Kule chini wanamwita Kipimo. Sababu ni moja tu: akichuchumaa nyuma ya mpira, akafumba jicho la kushoto, anakwambia umbali wote mpaka kwenye bendera. "Hatua mia na kumi na mbili, mheshimiwa, na upepo utakula tatu." Walishawahi kumpimia kwa kamba ili wamuumbue. Wakaumbuka wao.

Nilibeba mikoba naye miaka tisa. Kisha klabu ya juu ikatafuta mtunza chumba cha viatu, na kaka akamwomba nahodha wa klabu ya chini, daktari wa meno anayebebewa mkoba na kaka, atuandikie barua ya kutupendekeza. Daktari akasema ataandika moja tu, chagueni. Kwa haki ilikuwa ya kaka. Yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye aliyeomba. Akanisukumia mimi. "Nenda wewe, mdogo wangu. Mimi nikikaa kimya kutwa nzima nitaugua."

Nikaenda, na kichwa kikaanza kuvimba. Kila tukikaa na ndugu, mimi ndiye wa kwanza: "Kwetu kule juu..." Kwetu kule juu taulo zinapigwa pasi. Kwetu kule juu hata mbwa wa mlinzi habweki ovyo. Kaka alikuwa ananisikiliza mpaka mwisho, halafu anauliza kwa upole, "Na mvua, huko kwenu juu, inawafikia kabla yetu?" Watu wanacheka, mimi nanuna. Nilikuwa mjinga wa kwanza, na sisemi hivyo ili unionee huruma.

Sasa nikueleze kuhusu namba, maana ndizo zilizoniponza. Kila mwanachama wa juu ana kabati lake lenye namba, na namba hiyo naigonga kwa nyundo kwenye viatu vyake, chini, kwenye tumbo la soli, pale katikati pasipogusa ardhi. Tope halifiki hapo, hivyo namba haifutiki. Na kuna sheria. Mwanachama akivitelekeza viatu mwaka mzima, vinachomwa kwenye tanuri la taka nyuma ya jiko, nami natia sahihi kwenye daftari: vimechomwa. Havigawiwi. Katibu wa klabu, bwana mmoja mkavu anayetembea bila kutoa sauti, alinieleza siku ya kwanza: hawataki mwanachama akutane na kiatu chake sokoni, kimevaliwa na mtu. Alitamka "mtu" kama anayetema mbegu. Kule chini viatu vya zamani vinawekwa kwenye benchi, anayetoshewa anachukua. Mimi nikaona hiyo ya kuchoma ndiyo akili, ndiyo hadhi. Nilikuwa nimelewa, nakwambia.

Mara moja kwa mwaka klabu hizi mbili hushindania kikombe, na mwaka jana zamu ya kuandaa ilikuwa ya kwetu juu. Wiki mbili kabla, kaka alikuja kwenye lango la nyuma la jikoni. Alikuwa amechangamka, hata salamu aliirusha tu.

"Mkuu wa makedi wetu anastaafu," alisema. "Kamati itamtaja mwingine jioni ya kikombe. Daktari kaninong'oneza kuwa wote wamekubaliana, ni mimi."

"Hongera, kaka."

"Mkuu wa makedi anakaa kwenye kiti, unajua hilo? Ana meza na kiti. Anapanga watu, nani abebe mkoba wa nani. Miaka ishirini na nne nabeba mimi. Magoti haya yameshastaafu, yananisubiri mimi tu."

Alicheka, akaliinua goti moja na kulishusha, nalo likalia kweli. Nilipaswa kumkumbatia. Lakini macho yangu yalikuwa yameshuka miguuni kwake. Kiatu cha kulia kilikuwa kimefungwa waya mbele ili kisifunguke mdomo. Kamba za kiatu cha kushoto zilikuwa waya wa umeme, ule mwekundu. Nikafikiria jambo moja tu: haya madude yatakanyaga nyasi zetu, na Katibu atajua kuwa huyu ni ndugu wa Brashi. Nilimwonea aibu. Kaka yangu, aliyenipa riziki yangu, nilimwonea aibu akiwa amesimama mbele yangu anafurahi.

Kwenye rafu yangu kulikuwa na jozi namba arobaini na moja, ya Jaji. Jaji ni mzee mzito aliyeacha kucheza kwa sababu ya mgongo. Viatu vyake vilikuwa vimetimiza mwaka na siku zake, zamu yao ya tanuri ilikuwa mwezi ule. Vilikuwa vya kahawia na nyeupe, ngozi laini kama shavu la mtoto. Nikafungua daftari, nikaandika: arobaini na moja, vimechomwa. Nikatia sahihi. Kisha nikavificha kwenye ndoo chini ya matambara, nikatoka navyo.

Nyumbani nilivipaka rangi nyeusi, mara tatu. Nikabadilisha kamba. Nikachukua tupa ili niisugue ile namba iondoke. Tupa ilikuwa mkononi, soli magotini, kazi ya dakika tano. Nikaiacha. Nikuambie kwa nini? Kwa sababu niliona raha. Namba ya kabati la Jaji chini ya nyayo za kaka yangu! Niliona ni kama nimempandisha cheo. Hakuna fundi wa viatu mahali pengine popote ambaye angefanya ujinga huo. Ulihitaji mtu aliyekaa juu muda mrefu kama mimi.

Nikampelekea, tukakutana njiani. Alivivaa palepale, akatembea kwenda na kurudi kwenye kokoto, akageuka akaniangalia.

"Lo! Hivi vinatembea vyenyewe. Mimi ni abiria tu."

"Usimwambie mtu vimetoka wapi," nilimwambia. "Hata shemeji usimwambie. Hapo sifanyi mzaha kaka, kazi yangu iko hapo."

"Hata miguu yangu sitaiambia," alisema.

Siku ya kikombe alikuja kwa mlango wa jikoni na kupita ukumbini akifuata ukuta, kama nilivyomfundisha. Aliponikuta nimeshika sinia la taulo, hakunisemesha. Alinikonyeza tu, akakitazama kiatu, akanikonyeza tena. Mimi nikageukia pembeni nisionekane nacheka na kedi wa chini.

Nilipangiwa kusimama kwenye shimo la tisa, ambalo liko mbele kabisa ya baraza la klabu. Wanachama wote walikuwa wamekaa pale kuangalia. Na katikati yao, kwenye kiti chenye mto nyuma ya mgongo, alikuwa Jaji. Sikumtegemea. Mwaka mzima na zaidi hakuwa amefika, siku ile akaletwa na mwanawe aone kikombe. Nikajituliza. Viatu ni vyeusi sasa, nani atajua?

Daktari wa meno na kaka wakafika. Mpira ulikuwa umelala hatua chache kutoka shimoni, kwenye mteremko mbaya. Daktari akamtazama kaka. Kaka akazunguka nyuma ya mpira, yaani upande wetu wa barazani, akachuchumaa, akaweka goti moja chini, akafumba jicho. Unajua mtu akipiga goti hivyo kiatu cha nyuma kinafanyaje? Kisigino kinapanda juu, soli yote inawaangalia walio nyuma. Namba ilikuwa safi kabisa. Ningeisoma nikiwa barabarani.

"Ile ni namba yangu," alisema Jaji.

Hakupiga kelele. Kwetu juu hakuna anayepiga kelele. Ilipita kinywa kwa kinywa, taratibu, na kabla daktari hajapiga mpira wake Katibu alikuwa ameshafika, na mimi nilikuwa nimeshatumwa daftari. Nilikimbia nikalileta.

Katibu alimwambia kaka aoneshe soli. Kaka akainua mguu kama farasi anayepigiliwa chuma kwatoni, ameshikilia bega la daktari. Katibu akalipekua daftari na kunigeukia.

"Brashi. Arobaini na moja. Hapa kuna sahihi yako kuwa vimechomwa. Ulivichoma?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Ilikuwa ni kusema, bwana, nilimpa mimi, huyu ni kaka yangu. Maneno mafupi, hata mtoto angeyasema. Labda ningefukuzwa. Labda wasingenifukuza, wangenikemea tu. Nilimtazama Katibu, nikatazama lile baraza lote, nguo nyeupe zile, ukimya ule, na nikaogopa kutolewa humo kama samaki anavyoogopa kutolewa majini.

"Nilivipeleka tanurini, bwana," nilisema. "Kilichotokea baada ya hapo sijui."

Kaka aliushusha mguu. Aliniangalia, si sana. Kama anavyoutazama mpira akipima umbali.

"Umevipata wapi?" Katibu alimuuliza.

Daktari wa meno akaingilia kati, uso umemwiva. "Huyu mtu nimekuwa naye miaka kumi na tisa. Kipimo, waambie. Nani kakupa?"

"Hakuna aliyenipa, daktari," alisema kaka. "Niliviokota."

"Wapi?"

"Huko nyuma ya jiko. Kwenye taka zao."

Mtu mmoja barazani alicheka kwa pua. Jaji akapunga mkono kuwa yeye havitaki tena, avivue tu aende zake. Kaka akasimama kwa mguu mmoja, akafungua kamba, akasimama kwa mwingine. Alivipanga pembeni ya nyasi, visigino pamoja, ncha mbele, kama ninavyovipanga mimi kwenye rafu. Soksi ya kulia ilikuwa imetoboka na kidole gumba kilikuwa nje. Akauinua mkoba, akauweka begani.

"Hatua tatu na nusu, daktari," alisema. "Piga polepole, mteremko unavuta kushoto."

Daktari akapiga, mpira ukaingia. Hakuna aliyegonga vidole.

Mashimo tisa yaliyobaki kaka aliyatembea na soksi. Kwenye njia za kokoto kati ya shimo na shimo nilimwona anavyokanyaga kwa pembeni ya unyayo. Nilikuwa na viatu vyangu miguuni, na kwenye chumba changu kulikuwa na jozi mia na ishirini. Sikusogea. Watu wa chini walishinda kikombe kwa pigo moja, na wao, wale wapiga kelele wakubwa, walipokea kile kikombe kimya kimya kama wanapokea barua ya deni.

Cheo alipewa mwingine. Daktari wa meno, nilisikia baadaye kutoka kwa kedi mmoja, alimwita kaka pembeni mara tatu siku ile. Alimwambia, mimi siamini kuwa wewe uliingia kwenye taka, nitajie mtu na nitakupigania. Kaka alisema aliviokota, basi. Kamati ikakaa dakika chache. Mmoja wao alisema hawawezi kumweka kwenye kiti mtu anayepekua taka za klabu nyingine, kule juu watatucheka. Watatucheka! Kumbe na wao, pamoja na kelele zao na vikombe vyao visivyofanana, walikuwa wanatazama kilimani kama mimi tu. Miaka yote hiyo nilikuwa nikilinganisha klabu hizi mbili nikidhani nazijua.

Kesho yake Katibu alinisimamia mbele ya tanuri nikavichoma vile viatu mwenyewe, yeye akiwa ameshika daftari. Soli ya mpira inanuka vibaya ikiungua, inaganda kooni. Kisha akaniambia kuwa kosa halikuwa langu, kwamba kumbukumbu zangu zilikuwa safi, na kwamba wataweka kufuli kwenye tanuri. Alinipa mkono. Miaka kumi na tano, hiyo ndiyo mara ya kwanza Katibu kunipa mkono, na nilikuwa nimeungoja mkono huo kuliko kitu chochote. Niliosha mikono mara mbili baadaye, kwa sabuni ile ya kuondolea grisi.

Jumapili nikaenda kwa kaka. Njia nzima nilikuwa najifunga mkanda. Nitampigia magoti. Nitamwambia kesho asubuhi naenda kwa daktari wa meno, naenda kwa Katibu, naenda kwa Jaji kitandani kwake ikibidi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote, na nilikuwa nayaamini.

Nilimkuta kaka sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Nyayo zilikuwa zimevimba na kuchanika. Pale mlangoni vile viatu vyake vya waya vilikuwa vimekaa. Alinikaribisha kama siku zote.

"Karibu, mtu wa juu. Mvua inakuja?"

Nikakaa, nikafungua mdomo, na hapo shemeji akatoka jikoni na birika. Mke wa kaka ni mwanamke mwenye maneno mengi na moyo mweupe, na macho yake siku ile yalikuwa mekundu. Alipoketi tu akaanza.

"Afadhali umekuja, shemeji. Mimi nimechoka kusema na huyu. Mtu mzima, ana wajukuu, anaingia kwenye majalala ya watu! Alikosa nini? Si angeniambia tukajinyima tukanunua viatu? Sasa mtaa mzima unajua. Sokoni wameniuliza kama na gauni langu ameliokota."

"Mama watoto," alisema kaka, "chai inapoa."

"Iache ipoe! Kiti chake kimekwenda, hivi hivi kimekwenda. Na wewe, shemeji, najua imekuaibisha. Pale kazini kwako, mbele ya mabosi wako, ndugu yako anavuliwa viatu. Wewe unaheshimika kule. Mimi hanisikii. Hebu mwambie wewe. Mwambie kaka yako aache mambo hayo."

Wakaniangalia wote wawili. Shemeji alikuwa anangoja, mkono uko kwenye kifuniko cha birika. Kaka naye alikuwa anangoja, jicho la kushoto limefumba kidogo, na nadhani alikuwa ameshajua kabla yangu ni hatua ngapi mpaka pale nitakapofika. Maneno yote niliyoyapanga njiani yalikuwepo. Nilikuwa nayahisi ulimini.

"Kaka," nilisema, "usirudie tena."

Maji yalitikisika kidogo kwenye beseni.

"Nimesikia, mdogo wangu," alisema, akanisogezea sukari.